Taya Limevimba, Kinyama Ndicho Kitakachosema

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje kumtazama mtoto wa kiume ambaye ugonjwa wake ulikuwa umemshinda kuuelewa. Mataya ya mtoto huyo yalikuwa yamevimba juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yakicheza, na uso ulikuwa umeumuka kiasi cha kutotambulika. Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni na aliyekuwa amefanya kazi Uganda kwa takriban miaka kumi, alikwisha kuona majipu, mifupa iliyooza kwa usaha na saratani za namna nyingi. Hii hakuijua. Jipu haliibuki pembe nne za mdomo kwa wakati mmoja, na uvimbe wa mfupa kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Alipiga picha na kuandika aliyoyaona, lakini jibu hakuwa nalo.

Muda mfupi baadaye alikwenda kukagua wagonjwa katika hospitali ya Jinja. Akiwa wodini alitupa macho dirishani, akamwona mtoto ameketi kwenye nyasi na mama yake. Uso ulikuwa ule ule. Safari hii Burkitt alimpima mtoto mwili mzima, na tumboni akakuta uvimbe mwingine. Aliporudi Kampala alianza kufukua majalada ya wagonjwa, na kadiri alivyofukua ndivyo watoto walivyoongezeka: mwenye uvimbe wa taya alikuwa nao pia kwenye figo, kwenye ini, au, kwa wasichana, kwenye vifuko vya mayai ya uzazi. Katika Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dakta Albert Cook mwaka 1897, kumbukumbu za miongo ya nyuma nazo zilikuwa na watoto wa namna hiyo. Ugonjwa haukuwa mgeni. Ulikuwa umekaa mbele ya madaktari kwa muda mrefu ukiitwa majina tofauti, kila jina likifuata kiungo kilichovimba.

Burkitt alichapisha makala yake mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, akauita uvimbe huo sarkoma ya mataya ya watoto wa Kiafrika, yaani saratani ya tishu zinazounda mifupa, misuli na mafuta. Jina hilo halikuwa sahihi. Mpasuaji alikuwa amefika mwisho wa yale ambayo macho na vidole vinaweza kumwonyesha, na ilibidi watu wa hadubini waendelee kutoka hapo.

Watu hao walikuwa jengo la pili tu, katika idara ya patholojia ya Mulago. J. N. P. Davies alikuwa ameanzisha rejista ya saratani ya Kampala mwaka 1951, mojawapo ya rejista za mwanzo kabisa barani Afrika, na vioo vyenye vipande vyembamba vya vinyama vya wagonjwa wa miaka mingi vilikuwa vimehifadhiwa. Yeye na Mmarekani Gregory O'Conor walivirudia vioo vya saratani za watoto kimoja kimoja. Waliona kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto zilikuwa na sura ile ile chini ya hadubini, ziwe zimetoka tayani, tumboni au kwenye figo. Tena seli zenyewe hazikuwa za mfupa wala za misuli. Zilikuwa za jamii ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga ya mwili. Ugonjwa ulikuwa limfoma, saratani ya chembe za kinga. Dunia imeupa jina la Burkitt, na kwa haki, maana yeye ndiye aliyeziunganisha nyuso mbili zilizoonekana katika miji miwili. Lakini bila Davies na O'Conor, na bila mafundi sanifu wa maabara ya Mulago ambao majina yao hayakuingia vitabuni, watoto wale wangeendelea kugawanywa kati ya magonjwa matano au sita yasiyokuwepo.

Kinyama husema kwa namna gani? Swali hili linamhusu kila mtu ambaye amewahi kuambiwa hospitalini kwamba "tutachukua kinyama tukapime", kisha akakaa nyumbani wiki kadhaa akisubiri majibu asijue kinachofanyika huko.

Kinyama kikishakatwa kwa kisu au kuchomolewa kwa sindano nene, muda umeanza kuhesabiwa. Seli zilizokosa damu hujiyeyusha kwa vimeng'enya vyake, na bakteria nao hawachelewi. Ndiyo maana kinyama hutumbukizwa mara moja kwenye fomalini, dawa ambayo Mjerumani Ferdinand Blum aligundua uwezo wake wa kuhifadhi tishu mwaka 1893. Fomalini hufunga protini zibaki pale pale zilipokuwa mwilini. Inatakiwa iwe nyingi, walau mara kumi ya ujazo wa kinyama, na chombo kiwe na mdomo mpana. Kinyama kilichoshindiliwa kwenye kichupa chembamba huoza katikati wakati nje kimehifadhika, na aliyekichukua hatajua mpaka majibu yarudi yakisema sampuli haisomeki. Mgonjwa atakuwa amechomwa ganzi, amekatwa na ameshonwa bure.

Maabara ikikipokea, kinyama huogeshwa kwenye alkoholi ambayo nguvu yake huongezwa hatua kwa hatua hadi maji yote yatoke, kisha huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, fundi hukipachika kwenye mikrotomu, mashine yenye wembe mkali sana, akakata utando wenye unene wa mikromita 3 hadi 5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Utando huo huelea juu ya maji ya vuguvugu, huokotwa kwa kipande cha kioo, na hapo bado hauonyeshi kitu, maana tishu isiyotiwa rangi ni angavu. Rangi zinazotumika kila siku ni mbili. Hematoksilini, inayotolewa katika gogo la mti wa Amerika ya Kati, huvipaka viini vya seli buluu inayokaribia zambarau. Eosini hupaka sehemu zilizobaki rangi ya waridi. Rangi hizi mbili zimetumika pamoja tangu karne ya 19, na hadi leo saratani nyingi duniani hutambuliwa kwanza kwa buluu na waridi hizo kabla ya kipimo kingine chochote cha gharama kubwa.

Wazo lililo nyuma ya kazi yote hii lilipata nguvu Berlin mwaka 1858, pale Rudolf Virchow alipotoa mihadhara yake akisisitiza kwamba ugonjwa lazima utafutwe ndani ya seli. Kila seli hutoka kwa seli nyingine, alisema, na hata seli za uvimbe zina wazazi. Kwa hiyo msomaji wa kioo huanza kwa kuijua tishu yenye afya: ini linavyopanga seli zake, utumbo unavyojikunja, mtoki wa shingoni, yaani tezi ya kinga, unavyogawanyika katika mitaa yake ya duara. Akishaijua ile ya kawaida, huuliza nini kimevurugika.

Tuchukue uvimbe wa titi. Msichana wa miaka 20 anagusa kidonge kigumu, na hofu inaingia nyumba nzima. Mara nyingi katika umri huo ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Mpasuaji akiutoa, huchomoka mzima kama kokwa ya parachichi lililoiva, na chini ya hadubini mipaka yake ni safi, seli zake zinafanana, viini vyake ni vya ukubwa mmoja. Saratani ya titi huonekana vingine kabisa. Seli zake zimepenya kwenye mafuta na nyuzi za jirani bila mpaka, viini ni vikubwa kupita kiasi, vimekolea rangi, havilingani, na huku na kule seli zimekamatwa zikijigawa. Vidole vya daktari mzoefu vinaweza kukisia kipi ni kipi, lakini titi haliondolewi kwa kukisia. Hapa ndipo wengi huumizwa, wengine kwa kukatwa bila sababu, na wengine zaidi kwa kuambiwa "hakuna shida, kitayeyuka" na mtu ambaye hakuwahi kukiona kilichomo ndani.

Au tuchukue shingo ya kijana yenye mitoki iliyovimba. Huko Mwanza, Kisumu au Kigoma, wazo la kwanza ni kifua kikuu, na mara nyingi ni sahihi. Kifua kikuu kina saini yake kwenye kioo: seli za ulinzi zimejikusanya katika vinundu, baadhi zimeungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi vilivyopangwa pembeni kwa umbo la kwato, na katikati ya kinundu tishu imekufa, imebaki unga wa waridi usio na umbo. Rangi maalumu ya Ziehl na Neelsen ikiongezwa, vimelea vyenyewe hujitokeza vyekundu juu ya buluu. Limfoma haifanyi hayo. Yenyewe huifuta mitaa yote ya duara ya tezi na kuijaza seli za aina moja, safu baada ya safu, bila nafasi. Kwa nje shingo mbili hizi haziachani. Madaktari wa Afrika wameandika mara nyingi kuhusu wagonjwa wa limfoma waliomezeshwa dawa za kifua kikuu kwa miezi kwa sababu kinyama hakikuchukuliwa mapema. Miezi hiyo hairudi.

Wakazi wa Unguja, Pemba na mwambao wa Tanzania na Kenya wanaujua mkojo wenye damu, maana kichocho ni ugonjwa wa utoto wa wengi huko. Ukuta wa kibofu cha mtu aliyeugua miaka mingi huwa na mayai ya minyoo, kila yai na mwiba mdogo kwenye ncha yake, mengine yakiwa yamegeuka chokaa. Mwili huyazingira mayai hayo bila kuchoka. Kidogo kidogo ngozi ya ndani ya kibofu, ambayo kazi yake ni kutanuka na kusinyaa, hubadilika na kuwa ngumu ya tabaka bapa. Baadhi ya mabadiliko hayo huishia kuwa saratani inayotengeneza viduara vya protini ile ile iliyomo kwenye kucha. Katika kioo kimoja tu msomaji anaweza kuona chanzo na matokeo: yai huku, saratani kule, na kati yao miaka ishirini au thelathini ya maisha ya mtu aliyeogelea mtoni alipokuwa mdogo.

Shingo ya kizazi ndiyo inayotoa somo la muda kwa uwazi zaidi. Ngozi yake ina tabaka zinazokomaa kutoka chini kwenda juu. Virusi vya papiloma vikiingia, baadhi ya seli za juu huwa na kiini kilichosinyaa chenye uwazi mweupe pembeni yake. Vikikaa, seli changa za chini huanza kupanda juu kabla ya kukomaa, kwanza theluthi moja ya unene, halafu mbili, halafu ngozi nzima. Mpaka hapo si saratani bado, na matibabu yake ni madogo, mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Saratani inaanza pale seli zinapoutoboa utando wa chini na kuingia ndani. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, na yote ni nafasi ya kuokoa. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya virusi hivyo mwaka 2011, Uganda ikaeneza chanjo nchi nzima mwaka 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Lakini wanawake waliokuwa watu wazima tayari bado wanategemea kuchunguzwa, na kinyama kisomwe na mtu anayejua kuhesabu theluthi hizo.

Limfoma ya Burkitt haitoi miaka.

Ukiweka kioo chake chini ya hadubini kwa ukuzaji mdogo, kinachojaza jicho ni giza la buluu. Seli zimebanana, zote za ukubwa wa wastani, zote zinafanana, hakuna inayopumzika. Katikati ya giza hilo kuna madoa meupe yaliyotawanyika, na wataalamu wa patholojia kote duniani wamekubaliana kuuita mpangilio huu anga la nyota. Kila doa ni makrofaji, seli kubwa ya usafi inayokula maiti. Uvimbe huu hukua kwa kasi kubwa, lakini pia seli zake nyingi hufa kila saa, na makrofaji huzimeza. Ukikuza zaidi, ndani ya tumbo la makrofaji unaona vipande vya viini vilivyovunjika, na pembeni yake seli hai zikijigawa moja baada ya nyingine. Leo kuna kipimo cha protini iitwayo Ki-67 inayoonyesha seli zilizo katika harakati za kujigawa. Katika uvimbe huu karibu zote huwaka. Saratani hii inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili, na hakuna uvimbe mwingine wa binadamu unaojulikana kuishinda kwa mbio hizo.

Dennis Wright, Mwingereza aliyefanya kazi Mulago miaka ya 1960, alichora sura ya seli hizo kwa umakini mkubwa, hata vitundu vidogo vya mafuta vilivyomo kwenye saitoplazimu yake, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya jinsi ya kuitambua limfoma hiyo chini ya hadubini. Kwa maneno mengine, kipimo ambacho mtoto wa Paris au Chicago hupimiwa leo kiliwekwa kwa vinyama vya watoto wa Uganda.

Wakati wengine wakitazama vioo, Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishi wapi. Alituma zaidi ya vipeperushi 1,000 vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akachoma pini kwenye ramani kila jibu lilipofika. Oktoba 1961 yeye na madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakapita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, takriban kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakisimama katika hospitali baada ya hospitali kuuliza swali moja huku wameshika picha. Majibu yalionyesha kitu ambacho hakuna kioo kingeonyesha. Ugonjwa ulikuwa mabondeni, pwani na kando ya maziwa, penye joto na mvua; kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuwepo. Ramani ile ilikaribia sana ramani ya malaria.

Huko London, Machi 1961, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Epstein alishughulika na virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Akahisi kwamba ugonjwa unaofuata mvua na joto huenda una kirusi ndani yake. Vinyama vikaanza kusafiri kutoka Kampala kwa ndege ya usiku, na kwa zaidi ya miaka miwili havikutoa kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kinyama kikafika kimechelewa, kimesukwasukwa, maji yake yamechafuka. Mtu mwingine angekitupa akidhani kimeingiwa na bakteria. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe zilizobanduka zikielea zingali hai. Alizilea zikielea hivyo hivyo, na yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakapata seli za kutosha kuweka kwenye hadubini ya elektroni. Februari 1964 kirusi kilionekana. Machi mwaka huo kikatangazwa katika jarida la Lancet, na leo kinaitwa kirusi cha Epstein na Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kirusi hicho wanacho watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani, na karibu wote hawaugui saratani. Kwa hiyo kuna jingine linalosaidiana nacho. Katika Mara Kaskazini, Tanzania, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto walipewa klorokwini kwa utaratibu ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe. Ugonjwa ulipungua, ila kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya dawa, na vimelea sugu vikaja kuharibu hesabu. Ilibidi ushahidi ukusanywe kwa miongo mingine. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja malaria ya maeneo yenye maambukizi makali kuwa huenda husababisha saratani hii. Malaria inayojirudia huchochea chembe za kinga zijigawe bila kupumzika, na katika pilikapilika hizo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli kujigawa, hubaki imewashwa. Lile giza la buluu kwenye kioo ndilo matokeo yake.

Kasi hiyo hiyo inayoua ndiyo inayofanya ugonjwa utibike. Dawa za saratani hushambulia seli zinazojigawa, na hapa zote zinajigawa. Miaka ya 1960 Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa kama methotreksati na saiklofosfamidi, wakati mwingine kwa dozi chache sana, na mataya yakanywea mbele ya macho ya wazazi. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya Mmarekani John Ziegler. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Charles Olweny akawa Mganda wa kwanza kuiongoza.

Leo katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika ukanda ambao ugonjwa huu ulitambuliwa, wanaopona ni wachache zaidi kwa mbali. Sababu ni nyingi: nauli, dawa zinazokatika, utapiamlo, mtoto kupelekwa kwanza kung'olewa meno yanayocheza, kisha kwa mganga, kisha zahanati inayompa dawa za jipu. Lakini sababu moja haitajwi inavyostahili. Ni uhaba wa vyumba vile vyenye hadubini na wa wasomaji wake. Marekani ina mtaalamu mmoja wa patholojia kwa watu elfu kumi na kitu hadi ishirini hivi. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara mmoja huhudumia watu zaidi ya nusu milioni. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, Bugando, KCMC, Kenyatta na Mulago zinafundisha wengine, na chuo cha wataalamu hao cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kipo. Bado hospitali nyingi za wilaya hazina pa kusomea kinyama, hivyo chombo husafiri kwa basi, mara nyingi mkononi mwa baba au shangazi wa mgonjwa, na majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Kuna yanayowezekana bila kungoja jengo jipya. Sindano nyembamba inaweza kuchomwa kwenye uvimbe wa taya au mtoki, majimaji yake yakapakwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, rangi ile ile ambayo maabara za malaria huwa nayo. Ndani ya saa moja msomaji aliyefunzwa anaweza kuona seli za buluu kali zenye vitundu vya mafuta na kusema: anzeni kujiandaa. Kinyama kamili kitafuata, kwa kuwa saratani kadhaa za watoto zina seli ndogo za mviringo zinazodanganya, na vipimo vya protini ndivyo huzitenganisha. Vioo pia vinaweza kupigwa picha na kutumwa kwa mtaalamu aliye mji mwingine. Na mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuondoka hospitalini: kinyama kimewekwa kwenye fomalini? Jina la mwanangu limeandikwa kwenye chombo chenyewe, si kwenye kifuniko? Majibu yatampata nani, lini?

Wataalamu wanaojua uvimbe huu hawasubiri ripoti ichapwe. Wakiliona anga lile kwenye kioo, humpigia simu daktari wa wodi saa hiyo hiyo, ili mtoto awekewe dripu na figo zake zianze kulindwa kabla ya dozi ya kwanza, maana seli nyingi zikifa kwa pamoja hujaza damu asidi ya yuriki na figo zinaweza kuziba. Ripoti yenye mhuri itafika kesho yake, au keshokutwa, na wakati huo matibabu yatakuwa yameshaanza.